Kamera Ilipolia Mbele ya Leso

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka nikaishiwa na pumzi, lakini hadi leo nikiwa na shughuli Njoro napita nimeshusha kofia hadi machoni, kwa sababu huko jina langu ni Kacha-Kacha.

Ilikuwa siku ya ruracio, tumetoka Bondeni ukoo mzima kupeleka Njoro mahari ya Njeri, mchumba wa ndugu yangu Kimani, na mpiga picha ni mimi (angeajiri nani na dada yuko?). Kamera yangu ina namna mbili za kupiga: ya kimya kabisa, na ile ya shata yenyewe kufunguka na kujifunga, ikilia kacha! Asubuhi niliweka kimya, nikapiga wazee vizuri, hadi baba yake Njeri akakunja uso.

"Wewe msichana, hiyo kitu imekufa? Sijasikia ikilia hata mara moja. Unatupiga ama unatuangalia tu?"

Nikaona ya nini kubishana na mwenye boma, nikaweka shata ya kulia, tena ya mfululizo, kacha-kacha-kacha, mzee akatabasamu. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ikafika saa ya kumtafuta bibi harusi. Mnajua desturi: wanawake kadhaa wanafunikwa leso gubigubi, bwana harusi amtambue wake, akikosea anatozwa faini. Kimani alikuwa amejigamba wiki nzima kwamba atamjua Njeri hata kwa kidole cha mguu. Baba mkwe akasimama, akasema bila kucheka, "Asiyemjua mtoto wangu, hata mimi simjui."

Kimani akapita wa kwanza, akapita wa pili. Kwa wa tatu nikarudi nyuma nipate nafasi, nikakanyaga jogoo (jogoo, jamani!), nikaruka, kidole kikabana: kacha-kacha-kacha-kacha! Kimani akageuka, akaniona nimefumba jicho moja, ninavyofumba siku zote nikichungulia kamera, akadhani namkonyeza. Nikatikisa kichwa kumkataza, kamera nayo ikitikisika usoni, lakini mkono wake ulikuwa tayari kwa leso, na kidole changu bado kimeganda kwenye kitufe, akavuta.

Shosho! Nyanya yake Njeri, meno mawili, mikono juu. "Mume wangu! Nilijua utanichagua mimi!"

Kicheko kilikatika Njeri alipojivua leso yake, pale kando, macho yamejaa machozi. "Kimani, kweli?"

Na ndugu yangu, damu yangu, akaninyooshea kidole mbele ya koo mbili. "Ni Wambui! Amenionyesha na kamera!"

Kabla sijajitetea, baba mkwe akachukua kamera akaiweka mezani, akatoza faini ya mbuzi, wanawake wakafunikwa upya na kuchanganywa. Kimani akasimama, hana wa kumsaidia, mpaka akasikia chini ya leso moja kwikwi ndogo ya mtu aliyetoka kulia. Akaifunua polepole. Ni yeye. Wakakumbatiana, hata mzee akafuta macho.

Picha ya hapo? Hakuna, kamera ilikuwa kifungoni. Nilizonazo ni picha chungu nzima za Kimani akimfunua shosho, na moja Njeri ameitundika sebuleni, kila mgeni anasimuliwa upya. Siku hizi napiga kimya tu, na mzee yeyote akilalamika, natoa "kacha!" kwa mdomo.