Niliomba kusomea dawa nje ya nchi, kikao cha ukoo Chala kikanipeleka kwenye ng'ombe

Wakuu heshima kwenu, na wadogo zangu marahaba kabla hamjanisalimia.

Kuna uzi humu wa dogo anauliza asome kozi gani huko nje, na nusu ya waliomjibu wamemwambia "kaa na familia mshauriane". Nimevumilia mpaka ukurasa wa tatu, nikaona nisipoandika nitavunja kikombe cha watu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Mashahidi wote wazima, wengi wako kijijini Chala wanakunywa pombe ya komoni.

Iko hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naishi Mazwi, hapo Sumbawanga mjini. Nina mume, Desderi, anauza spea za baiskeli. Nina mtoto wa miezi minane, Sela. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mwalimu wa Mbeya, uhamisho wa baba ndio ulionileta Ufipa, nikamaliza form six, nikaolewa hukohuko.

Kazi yangu ilikuwa kuuza duka la dawa.

Miaka hiyo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanaota kila kona. Bosi wangu kabla ya hapo alikuwa muuza mbao. Alinikabidhi funguo na koti jeupe siku moja, na lile koti likanipa udaktari hapohapo. Mtu anaingia, "Dokta, tumbo linanikata." Dokta nasoma kikaratasi cha ndani ya boksi kwa kiingereza changu cha form six, namjibu bila kupepesa macho.

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wa rika la Sela. Nikampa dawa, akaondoka. Nikarudia kusoma kile kikaratasi, nikakuta nimemwandikia dozi ya mtu mzima.

Nilikimbia na lile koti mpaka stendi, watu wananipisha wakidhani kuna ajali. Nilimkuta ameshakaa kwenye gari la Laela. Mtoto hakuwa amemeza bado.

Nikaapa. Ama nasomea dawa kwelikweli, ama nakaanga maandazi.

Ndipo nikaona tangazo gazetini. Kuna nchi, sitaji jina maana humu mnapenda kufuatilia watu, inasomesha vijana wa Kitanzania na kulipa kila kitu. Fomu ilikuja na kijitabu cha kozi zote za chuo chao. Unachagua tatu, kwa mpangilio.

Wakuu, kile kijitabu nilikisoma kama riwaya. Kumbe duniani kuna mtu anasomea nyuki. Kuna mtu anasomea vioo. Miaka mitatu, vioo.

Pharmacy ilikuwepo. Miaka minne. Niliiwekea alama ya kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Tatizo lilikuwa moja tu, Sela. Ufadhili unabeba mwanafunzi, haubebi mtoto. Wa kumlea ni mama mkwe, Chala. Na kwa wakwe zangu mtoto wa ukoo haachwi kama begi, lazima kiitwe kikao.

Sasa hapa niwatambulishe mtu. Baba mdogo Kastori, mdogo wake baba mkwe. Alikuwa katibu wa chama cha ushirika, enzi ushirika ukinunua mahindi. Ushirika ukafa. Yeye hakuacha ukatibu. Ana kaunta buku, kalamu mbili mfukoni, na ule mhuri wa ushirika anao mpaka leo, kwenye kopo la maziwa. Katika ukoo ule hakuna jambo linalohesabika limetokea mpaka Kastori aliandikie muhtasari na kugonga mhuri. Nilishaona muhtasari wa mgawanyo wa kuku.

Basi wanaume wakakaa kwenye viti, sisi wanawake mkekani karibu na mlango. Nikapiga magoti, nikasalimia mmoja mmoja. Kastori akafungua buku.

"Agenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, mama Sela kwenda ng'ambo. Ya tatu, mengineyo."

Baba mkwe akasema, "Soma hizo kozi. Zote, usitufiche."

Nikaanza kusoma na kueleza kwa Kiswahili, na Desderi anawageuzia kwa Kifipa wazee wa kona ile.

Actuarial Science. Nikasema hawa wanapiga hesabu watu watakufa lini, ili kampuni za bima zijipange.



"Wanalipwa?" baba mkwe akauliza.

"Sana, baba."

"Ruka hiyo. Urudi Sumbawanga na cheti cha kujua watu watakufa lini? Nyumba yangu itachomwa na mimi nikiwa ndani."

Hotel Management. Shemeji yangu Method, mvuvi wa Kipili, akadakia. "Miaka mitatu kujifunza kumtandikia mgeni kitanda? Shemeji, jana nililala kwako, nani alitandika?"

"Mimi."

"Basi cheti unacho tayari."

Philosophy. Nikasema hawa wanasomea kufikiri. Kastori akasimamisha kalamu.

"Kufikiri nini?"

"Kufikiri tu, baba mdogo."

"Andika hamna," akasema baba mkwe.

Tukafika Pharmacy. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Baba, ninayoitaka ni hii. Dawa."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na togwa. Baba mkwe akafuta macho. "Umeolewa Ufipa, mwanangu, watu wanatoka Dar kuja kutafuta dawa kwa waganga wa huku. Halafu wewe uvuke bahari kuzifuata?"

Kisha akaacha kucheka, na hapa nisimpunje, alikuwa na hoja. Bwana mifugo wa serikali alipunguzwa kazi. Josho la kijiji limegeuka zizi la mbuzi. Dawa za ng'ombe wananunua kwa mtu wa baiskeli anayeuza na nyembe. Ugonjwa wa ndigana ulishamlia ng'ombe wanne mwaka ule.

"Jirani yangu Msukuma ndiye anayenishauri," akasema. "Ananishauri vizuri. Lakini ananishauri huku anacheka."

Ikapita kozi ya mifugo, nambari moja. Kastori ana kesi ya mpaka wa shamba, akapitisha sheria, nambari mbili. Method akapitisha samaki, nambari tatu, eti migebuka imeadimika. Dawa haikupata hata nafasi ya mgombea.

Kastori akasoma azimio. "Kikao kimekubaliana kwa kauli moja."

Nikasema, "Na kauli yangu mimi?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe ni agenda, siyo mjumbe."

Wakuu, mpaka leo nikikumbuka hiyo sentensi, mkono unatafuta kitu cha kurusha.

Nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anasonga ugali, Sela mgongoni kwake amelala. Hakugeuka.

"Hizo kozi zao, ni miaka mingapi mingapi?"

"Mifugo mitano, mama. Sheria minne, samaki minne."

"Na yako?"

"Minne."

Akasonga kidogo. "Mimi ndiye ninayebaki na mtoto. Hapo sebuleni sikuona aliyeuliza nepi anafua nani. Minne nimekubali. Mwaka wa tano sijaombwa na mtu. Nenda kaandike yako."

Nilirudi Mazwi nimepona. Nikajaza Pharmacy, nambari moja, kwa herufi kubwa. Lakini siku ya kutuma nilikuwa dukani, na wiki iliyofuata ndio mwisho wa kupokea fomu. Nikampa Desderi bahasha aipeleke posta.

Bahasha ilikuwa wazi. Hapo ndipo nilipoharibu maisha yangu, kwa kukosa kulamba gundi.

Desderi ni mtu mwema. Ila amelelewa na kikao. Kwake yeye barua bila muhtasari ni karatasi ya kufungia vitumbua. Akaenda kwa mwalimu mmoja wa sekondari akatafsirisha muhtasari wa Kastori kwa kiingereza safi, ukachapwa, ukarudishwa Chala na basi ukagongwa mhuri upya juu ya tafsiri, akausafirisha pamoja na fomu yangu kwa basi la haraka. Hakuniambia, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kusema. Ni kiambatanisho.

Miezi miwili baadaye naitwa Dar kwenye usaili.

Mezani watu watatu, wageni wawili na mama mmoja wa Kitanzania. Waliniuliza kuhusu dawa, nikajibu mpaka nikajipenda. Nikawasimulia na ile mbio ya stendi. Mama yule akawa anatikisa kichwa kukubali, nikajua nimeshinda.

Halafu mgeni mmoja akachomoa karatasi. Nikaona rangi ya zambarau. Ule mhuri ningeutambua hata gizani.

Akaniuliza kwa kiingereza, kwa heshima kabisa, "Huyu Bwana Kastori, katibu wa bodi, ni nani?"

Bodi.

Nikasema ni mdogo wake baba mkwe wangu.

"Na bodi imepitisha kwa kauli moja usomee mifugo. Lakini wewe hapa umeandika Pharmacy."

Nikajaribu kueleza kwamba mimi nilikuwa agenda, sikuwa mjumbe. Mama wa Kitanzania akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu. Mgeni akasema hajawahi kuona mwombaji aliyeungwa mkono na jamii yake namna hiyo.

Barua ikaja. Nimepata. Veterinary Medicine, miaka mitano, "kulingana na mahitaji ya jamii atokayo".

Fomu yangu haikuwa na mhuri. Muhtasari ulikuwa nao.

Desderi sikumsemesha wiki nzima. Tulikuwa tunapitia kwa Sela. "Sela, mwambie baba yako chumvi imeisha." Mtoto ana meno mawili, anapeleka ujumbe gani.

Mtaniuliza kwa nini sikuikataa. Kwa sababu nafasi ya pili haikuwepo, na dukani koti lilikuwa linanisubiri na kikaratasi chake. Nilichagua ng'ombe kuliko kumuua mtoto wa mtu.

Kikao cha kuniaga, Chala. Wamechinja mbuzi, baba mkwe anang'aa. Mama mkwe hakugusa nyama.

"Mingapi?" akaniuliza mbele ya wote.

"Mitano, mama."

Akasimama, akamchukua Sela, akaenda kumweka kwenye mapaja ya baba mkwe.

"Mimi nilikubali minne. Wa tano ni wa aliyeutaka."

Baba mkwe akacheka. Akaangalia huku na huku aone nani mwingine anacheka.

"Kastori, andika," akasema mama.

Kastori akamwangalia kaka yake.

"Usimwangalie huyo. Andika, na ugonge."

Iliandikwa, kwenye mengineyo. Nilishuhudia mhuri ukishuka.

Nikaondoka. Sitawadanganya kwamba ni vibaya tu. Kuna asubuhi za baridi mkono wangu uko ndani ya ng'ombe mpaka begani, nageuza ndama aliyekaa vibaya, na katika wanafunzi wote mimi ndiye ninayeitwa kwanza. Kazi naiweza. Ila msije hapa kuniambia kila jambo hutokea kwa sababu. Sababu naijua, inaitwa Kastori.

Na bei yake naijua. Nilirudi likizo mara moja. Sela alikuwa na miaka mitatu. Akanisalimia, "Shikamoo shangazi."

Mwaka wa tano umeanza mwezi uliopita. Siku ileile mama mkwe alipanga nguo za Sela kwenye beseni, akalihamishia upande wa mzee, akapanda gari kwenda kwa dada yake Namanyere kupumzika. Hajasema anarudi lini, na muhtasari haumlazimishi.

Juzi simu inaita. Baba mkwe. Mtu ambaye miaka yote hii hajawahi kunipigia.

"Mama Sela, huyu mtoto hataki kula."

"Mama huwa anamwimbia, baba."

Akakohoa, salio linakwenda.

"Wimbo gani?"

Nilikuwa zizini na mabuti, wenzangu wote wananitazama. Nikauimba. Yule mzee akawa anaufuatisha mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu anayeapishwa, na nyuma yake namsikia mwanangu anamrekebisha. Kisha nikasikia kijiko.

Nikakaa kwenye ndoo nikalia, halafu nikacheka, halafu nikakasirika upya.

Kwa hiyo dogo wa ule uzi, sikia. Kozi chagua mwenyewe. Bahasha funga mwenyewe, na upeleke mwenyewe. Na kama una mtoto, kabla hujauliza kikao kozi ipi, muulize atakayebaki naye ni miaka mingapi. Huyo tu ndiye mwenye kura.

Mliochaguliwa kozi na ukoo njooni tufarijiane hapa chini, semeni mliomba nini mkapewa nini. Na wewe unayetaka kuandika "lakini si umefaulu dada", pita kimya kimya, leo mikono inaniwasha.