Blanketi la Mzee Omwenga

"Kiwandani kwetu hakuna mgonjwa."

Meneja alitamka hayo leo asubuhi mbele ya wageni kutoka Keroka, akimkabidhi Mzee Omwenga blanketi la utumishi mrefu.

Ni uongo. Nimebandika haya hapa kantini myasome kabla uji haujaisha.

Mzee huchekecha chai kavu, na vumbi lake hujaa chumbani kama moshi. Wote wa mle hufunga vitambaa puani. Leo waliamriwa kuvivua, eti wageni waone nyuso!

Mzee akasimama kushukuru. "Asante, bwana..."

Kikohozi kikamkata. Akashika meza. Blanketi likaanguka.

Bosibori wa jikoni akatania: "Mpeni chai, jamani!"

Watu wakacheka.

Mzee akainua kichwa, machozi yakimlenga. "Mama, si ndiyo inayoniua?"

Kicheko kikazimika. Meneja akapiga makofi peke yake, kisha akamrudisha mzee kwenye vumbi lilelile. Yuko huko sasa hivi.

Nyinyi wajumbe wa chama cha wafanyakazi mliokaa viti vya mbele, soda za wageni mmeshakunywa. Inukeni mkamtoe mzee mle ndani, mumpeleke hospitali leo.