Shamba la Shangazi

Enzi za vijiji vya ujamaa, shangazi yangu alirudi Kwihara kutoka Dar es Salaam, alikotibiwa kwa mionzi saratani ya mlango wa kizazi. Alikuja na karatasi mbili. Daktari alimchorea uvimbe wake ulivyokuwa mwanzoni, na ulivyokuwa wiki tatu baadaye.

"Ukisinyaa mapema hivi, matibabu yamekukubali," alimwambia.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kumjulia hali, alizikuta karatasi hizo mkekani. Akazikodolea macho, akakunja uso.

"Nani kapunguza shamba la kijiji kwenye ramani hii?"

"Hilo ni langu, mzee," shangazi akajibu, "na liko tumboni."

Mzee alizitupa, akaondoka bila kumaliza uji aliokaribishwa. Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Msimu uliofuata alilima karanga mwenyewe.