RAM Niliyombadilishia Milembe

Siku tunamzika mama yangu kule Mwamanyili, mwanamke niliyemwibia alinifuata msibani akaniomba msamaha.

Soma vizuri. Yeye ndiye aliyeniomba mimi.

Naitwa Luhaga, fundi kompyuta hapa Bariadi. Meza yangu iko barazani kwa Mtoro muuza vitambaa. Kwa mashine sijambo, ila roho yangu wakati ule ilikuwa chafu kinoma.

Milembe alikuja asubuhi moja akitokea Kasoli. Akanisalimu mwangaluka, akasema ana salamu zangu. Nikamkatisha, salamu baadaye dada, sema shida.

Shida yenyewe ndogo. Laptop ilikuwa nzito, na chuo kinataka ripoti ya utafiti kabla mwezi haujaisha, la sivyo anarudia mwaka. Miezi mitatu alizunguka vijijini akirekodi wazee waliolima pamba, na sauti zote zilikuwa humo humo kwenye laptop. RAM alishainunua Mwanza. Alitaka niiongeze tu kwenye ile ya zamani.

Nikaitazama. Mpya kabisa, haijaguswa. Nikajisemea huyu haelewi kitu.

Alipogeuka kuangalia vitenge vya Mtoro, yake nikaitia mfukoni. Nikachomeka nyingine niliyoinyofoa kwenye mashine iliyokufa. Ukubwa ni ule ule, kwenye kioo inasomeka vile vile. Nilijua ni mbovu, ilishanisumbua mara mbili. Ile nzima iliondoka jioni hiyo hiyo na mwalimu mmoja wa Lagangabilili.

Siku ya tatu, Milembe huyo. Laptop inazima yenyewe, inaleta kioo cha bluu, na kazi anayohifadhi ikifunguka inakuja nusu.

Fundi yeyote anajua pa kuanzia. Umeongeza RAM, mashine imeanza kuzima, chomoa uliyoongeza. Dakika tano tu. Lakini ningeichomoa mbele yake mashine ikatulia, angejua mbovu ni ipi, na angeuliza mbona kaileta mpya.

Basi nikamgeuzia kibao. Nikasema kwa sauti kwamba watu wa Kasoli wanawashia laptop juu ya magunia ya pamba, halafu wanamsumbua fundi. Mtoro akacheka, na wateja wake wakacheka. Milembe akainamisha kichwa. Nilifurahi, siwezi kuwadanganya.

Akasema kuna kitu anataka nisikie. Akafungua sauti moja. Nikasikia kuku, mtu akakohoa, kisha laptop ikazima. Nikamwambia ngonjera zake akasikilizie nyumbani.

Akarudi tena zikiwa zimebaki siku nne. Safari hii nikasema ni virusi, dawa yake kupiga window upya. Sisi mafundi wa huku window ndiyo panadoli yetu, kila ugonjwa tunaipa.

"Usifute sauti za wazee, kaka. Nakuomba sana."

Nikaahidi kuzihamisha. Nilijaribu mara mbili, ikazima katikati. Ningetoa ile RAM ingetulia, nikahamisha kila kitu. Ila alikaa pembeni akinitazama mikono, hakuinuka hata kwenda kunywa maji. Nikachoka. Nikafuta vyote, nikamwambia virusi vimeshakula.

Hakulia. Akaifunga laptop kwenye kanga yake akaondoka. Mwaka akarudia.

Miezi miwili baadaye mama akaanguka shambani, hakuamka tena. Mimi sikuwa nimekanyaga Mwamanyili zaidi ya mwaka. Kila nikipigiwa simu, niko bize.

Msibani nikamwona Milembe kati ya akina mama. Nilitaka kujificha, akanikuta nimekaa na dada yangu Monika.

"Pole, kaka. Na unisamehe. Mayu, mama yako, alikuwa mmoja wa wazee niliowarekodi. Yeye ndiye aliyenielekeza kwako. Alisema mwanangu hawezi kumharibia mtu kitu chake."

Monika akasogea kumpa nafasi, Milembe akaketi.

"Mwishoni alikuwekea salamu za kwako peke yako. Alisema huji, basi usikie hata sauti. Siku ile nilitaka kukusikilizisha, ikazima. Ningejua kuna virusi ningewahi kukuletea."

Monika akamuuliza mama alisema nini. Milembe akajibu kwamba hajui. Mama alimwomba atoke nje, akabaki peke yake na laptop ikirekodi.

"Si wewe fundi?" Monika akanigeukia. "Zirudishe."

Niliiomba ile laptop. Nikachomoa RAM niliyoiweka, mashine ikatulia palepale. Nikahangaika wiki mbili kutafuta. Sikupata hata sauti moja.

Kilichobaki kwangu ni kile kikohozi. Mama mzazi alikohoa mbele yangu, sikumtambua.

Fundi mwenzangu unayesoma, mteja akikwambia ana salamu zako, mpe nafasi azifikishe. Na kitu chake kiache kama kilivyo, hujui kimebeba nini.

Na wewe Monika, najua unasomaga hizi stori kila siku. Haikuwa virusi.