Waya Kwenye Picha ya Msiba

Scholastika alikuwa na saluni ya kike pale Utemini, na saluni ile ilijaa nyaya. Waya wa draya, waya wa pasi ya nywele, ekstensheni iliyofungwa kwa selotepu, chaja za wateja zimening'inia ukutani. Mtu mwingine angeona fujo. Yeye alitoa simu akapiga picha. Ilianza mchana mmoja umeme ulipokatika, mteja amesukwa nusu kichwa, naye akauona waya wa draya umelala sakafuni na kivuli chake pembeni, akaupenda. Tangu hapo hakuacha. Alipiga waya wa redio dukani kwa jirani, kandambili mlangoni, beseni la vyombo, kuku amesimama juu ya ndoo. Ukimuuliza za nini, alicheka tu akaendelea na kazi yake.

Aliyemwelewa ni mmoja, mama mkwe wake, bibi Eliza wa Unyambwa. Mume wa Scholastika, Kefa, alishafariki, lakini kila Jumapili baada ya misa ilikuwa lazima aende kumsalimia yule mama, wakati mwingine na binti yake Hana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, leo umekuja kumpiga nani? Mimi au soketi?"

"Wote wawili, mama."

Bibi Eliza alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Sasa huyo mama aliishi kwenye nyumba yake ya zamani, ndani ya boma la mwanawe mkubwa, Emilian. Emilian alikuwa na mashine ya kukamua alizeti na nyumba mpya ya bati la rangi, yenye mita ya umeme. Nyumba ya mama haikuwa na mita. Basi akavuta waya wa rangi ya chungwa kutoka dirishani kwake hadi kwa mama, watu wakamsifu kanisani kwa kumkumbuka mzazi. Kumbe plagi ilibaki upande wake. Mama akimuudhi, anachomoa. Mama akimtetea mjane wa Kefa, anachomoa. Mwisho alichomoa moja kwa moja, plagi ikaning'inia nje kwenye nondo za dirisha, na redio ya bibi Eliza ikanyamaza.

Scholastika alimfuata akamwambia usoni, "Shemeji, mama anakaa gizani." Emilian aliliweka moyoni.

Muda si mrefu waya mkubwa wa mashine ya alizeti ukaibiwa, na Emilian akaitisha kikao cha ukoo. Mbele ya watu wote akamnyang'anya Scholastika simu, akaipitisha mkono kwa mkono.

"Tazameni wenyewe! Mwanamke mwenye akili timamu anapiga picha za nyaya ili iweje? Huyu anawachorea wezi ramani."

Watu waliangua kicheko. Mmoja akamwita Mama Waya, na jina likashika siku hiyohiyo. Bibi Eliza alijaribu kuinuka aseme, akaambiwa akae. Emilian akamaliza kwa kumpiga marufuku shemeji yake kukanyaga bomani kwake. Baadaye ilijulikana kwamba waya uliuzwa na kibarua wake mwenyewe. Je, aliomba radhi? Thubutu!

Bibi Eliza aliugua. Scholastika alimpelekea uji, akarudishwa getini. Akautuma kwa watu wengine, nao wakarudishwa. Habari za kifo alizipata kwa mteja, aliyedhani kwamba anajua. Alimaliza kukisuka kichwa kile huku machozi yakidondoka kwenye nywele za mtu. Machozi yalipokauka, kilichobaki ni hasira, na aliilea hasira ile kwa uangalifu kama mtu anayelea vifaranga.

Kesho yake asubuhi Emilian akasimama mlangoni pa saluni, kofia mkononi.

Huko kwao mtu hazikwi bila picha. Fremu husimamishwa kichwani mwa jeneza, waombolezaji hupita mmoja mmoja kutoa heshima za mwisho. Na Emilian, kwa simu yake kubwa, alikuwa na picha za gari na za magunia ya alizeti. Ya mama hakuwa nayo hata moja. Ile ya kitambulisho ilitoka nyeusi, huwezi kujua ni mama au ni mlango.

"Mama Hana, pole na msiba."

"Pole na wewe, shemeji. Kaa." Scholastika akaendelea kusuka.

"Nasikia unazo picha za mama."

"Mimi? Mimi napiga nyaya. Si wewe uliyewaonyesha watu?"

Mteja akainamisha kichwa asionekane anacheka.

"Tuyaache hayo. Tuko msibani."

"Na marufuku ya kukanyaga kwako?"

"Imeisha. Njoo. Njoo na picha."

"Omba vizuri."

"Nakuomba, shemeji."

Scholastika aliusikia utamu wa neno lile mpaka kwenye meno. Akamwambia aende, picha ataileta mwenyewe ikiwa kwenye fremu.

Alikuwa nazo mbili zilizofaa. Ya kwanza ni uso mtupu, bibi Eliza anacheka, mwanga wa mlangoni umemwangukia shavuni, nzuri kiasi cha kuumiza. Ya pili amekaa kwenye kigoda ukutani kwa mwanawe, ametulia, anakutazama moja kwa moja. Juu ya bega lake kuna dirisha la Emilian, ndani taa inawaka, na nje kwenye nondo plagi ya waya wa rangi ya chungwa inaning'inia hewani. Scholastika alikaa nazo muda mrefu. Kisha akapeleka ya pili studio, akaagiza, "Ikuze. Usikate kitu."

Alifika mazishini jeneza likiwa tayari chini ya turubai. Emilian akapokea fremu mbele ya watu, akaitazama.

"Hakuna nyingine?" akanong'ona.

"Ni hiyo tu."

Angefanya nini? Aikatae, amzike mama yake bila sura? Katekista alikuwa anasubiri. Akaisimamisha, halafu haraka akaegemeza shada la maua kwenye ile kona ya dirisha.

"Toeni hayo maua," akasema Flora, mdogo wa marehemu, kikongwe mwenye fimbo. "Namtaka dada yangu nimwone wote."

Maua yakatolewa.

Emilian akasoma wasifu aliouandika mwenyewe. Akafika mahali pasemapo kwamba mwana mkubwa alimvutia mama yake umeme, naye mama akaishi kwenye mwanga hadi mwisho. Watu waliitikia kwa vichwa. Kisha foleni ikaanza kupita. Kila mtu alitazama uso kwanza, akajipangusa machozi, halafu macho yakapanda begani, yakafika dirishani, yakasimama. Majirani hawakuhitaji kuelezwa. Waya wenyewe ulikuwa bado umetandazwa pale uani, mita chache kutoka kwenye jeneza. Walirudi kwenye viti, wanawake wakaanza kunong'onezana.

Flora alipita wa mwisho.

"Emilian mwanangu, huu si ule waya? Mbona umechomolewa?"

"Ilikuwa siku ile tu, mama mdogo."

Scholastika alisimama nyuma ya wapishi, moyo unamwenda mbio kwa furaha, na hakuona aibu kufurahi msibani.

Picha ya marehemu hutunzwa na mtoto mkubwa. Ikatundikwa sebuleni kwa Emilian, na kila aliyekuja kutoa pole alikaa mbele yake, akanywa chai, akatazama. Angeishusha, ukoo ungeuliza imeenda wapi.

Siku ya kuanua matanga alimwita Scholastika pembeni, kwenye kuni.

"Shemeji, nimekosa. Nilikukosea wewe, nilimkosea mama. Ile picha ibaki palepale, sikatai. Lakini nakuomba nyingine, ya kwangu mwenyewe. Najaribu kumkumbuka akicheka, sikumbuki. Kila nikifumba macho namwona vile alivyokaa pale." Akalia kabisa, mtu mzima yule, makamasi na yote.

Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni la Scholastika, na bibi Eliza humo ndani anacheka.

"Sina," akasema.

Alikuwa amepanga kuikuza ile ya kucheka aiweke saluni, juu ya kioo kikubwa, wateja wamwone mama mkwe wake. Sasa haiwezekani. Utemini na Unyambwa ni karibu, Emilian angesikia siku hiyohiyo. Basi huitazama peke yake, mlango wa saluni ukiwa umefungwa, na Hana akiingia ghafla huizima simu, asije akamwambia baba yake mkubwa. Mara nyingine huona vibaya kumficha bibi kwa mjukuu wake. Lakini huruma kwa Emilian hajaipata bado, wala haitafuti.