Chacha Ilitoka Wapi

Nilipokuwa mtoto pale Kihesa, shangazi Yudita alirudi kutoka Iyunga, Mbeya, alikoolewa, akiwa na mimba kubwa na mtindo mpya wa dansi. Aliuita chacha. Alitufundisha uani, hatua mbili taratibu kisha tatu za harakaharaka, akicheka huku ameshika kiuno. Bibi, mama yake mzazi, alitazama akinung'unika. Kwake, ngoma isiyojulikana ilikotoka haichezwi na mwenye mimba, maana hujui imekuja na mzimu gani.

Mimi niliona ni manung'uniko ya kizee tu.

Uchungu ulianza alfajiri. Ilipofika saa nne mtoto hajatoka, bibi na wakunga wakaanza kumwungamisha. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: mtoto akigoma kutoka, mama ana jambo amelificha, alitaje ndipo njia ifunguke. Shangazi alitaja yote, hata sukari aliyodokoa utotoni. Bado. Ndipo bibi akaikumbuka ile ngoma. Jambo la kigeni hurudishwa kwao, na anayelirudisha lazima ajue kwao ni wapi.

"Ilitoka wapi, mwanangu? Sema tuirudishe."

"Mbeya, mama."

"Mbeya nani aliileta?"

"Sijui. Watu wa bendi. Mama, nipelekeni hospitali, Tosamaganga."

Bibi alisema wataenda, wakishajua. Mama yangu, mkwe tu katika nyumba ile, alilia mlangoni akiomba gari litafutwe. Wakunga wakamwambia anyamaze, asiharibu mambo. Gari lilipatikana jua likiwa limeshainama. Shangazi alifia njiani, mtoto akiwa bado tumboni.

Juzi mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu, hata chai haijapoa. Chacha ilitoka Kuba, huko ng'ambo. Inasemekana jina lilitokana na sauti ya viatu vya wachezaji vikisugua sakafu. Basi. Hapakuwa na mzimu, wala cha kurudisha kokote.

Watu husema wazee wetu walikuwa na hekima yao. Walikuwa nayo, lakini siku ile ilituulia mtu, na sitaipamba. Kinachonitesa ni kwamba bibi hakuwa katili. Yudita alikuwa binti yake wa pekee. Alipiga magoti kando yake tangu asubuhi, amemshika mkono, akimuuliza kwa kumbembeleza, na hata walipokuwa wanampakia garini, bado alikuwa anamuuliza.