Chupa ya Bi Arlys

Verlyn Tiedeman hakusoma chuo chochote. Alizaliwa shambani, magharibi ya mji wetu wa Wexholm, akafanya kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika mpaka magoti yakamkatalia, na hakuoa. Alimtunza mama yake hadi Mungu alipomchukua. Baada ya hapo alibaki na nyumba, pikapu, na kiti chake kwenye meza ya waamuzi katika ukumbi wa michezo wa chuo.

Kiti hicho alikipata kwa bahati tu. Mwendesha saa wa zamani aliugua siku ya mechi, kocha akatazama jukwaani kutafuta mtu mtulivu, akamwona yeye. Verlyn akashuka, akaonyeshwa kitufe cha kuanzisha saa na kitufe cha kuisimamisha, na mpaka leo hajatoka hapo.

Mtu anayekaa kwenye meza ile hana timu. Ndiyo sheria ya mpira wa kikapu. Hapigi makofi, haguni, hainuki. Wenzake wa mjini wanaweza kufunga kikapu cha ushindi mbele ya macho yake, yeye anatakiwa amtazame refa na mkono wake. Sheria hiyo ilimwingia Verlyn mwilini. Hata kanisani, watoto wakiimba vizuri na sisi sote tukapiga makofi, yeye aliweka mikono juu ya magoti akatulia, macho yamemlowa.

Mimi nilikuwa nauza bisi pale mlangoni, hatua chache kutoka meza ile, na ndiyo maana nayajua haya.

Bi Arlys Brandvold alikuwa mjane, karani wa chuo cha Tillery, mwendo wa saa tatu mashariki yetu. Alisafiri na basi la timu yao kuja kuandika pointi zao, na kiti cha mwandishi wa wageni kiko ubavuni mwa kiti cha mwendesha saa. Mwanamke mwembamba, nywele fupi nyeupe, sweta la kijani la chuo chao lililofumwa kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza alifungua mkate wake wakati wa mapumziko, akamwona Verlyn anatupia jicho matango ya siki yaliyokuwa pembeni.

"Unataka, au unayahesabu?" akamuuliza.

"Nayaangalia tu."

"Kuangalia hakushibishi, bwana. Chukua."

Akachukua. Tangu hapo, kila Desemba timu yetu ilipokwenda Tillery, Verlyn alipanda pikapu akaenda kukaa jukwaani nyuma ya Bi Arlys, na baada ya mechi alipewa chupa pana ya kioo imejaa matango, kifuniko chake cha bati kina picha ya jogoo aliyefifia. Na kila Februari, Tillery walipokuja kwetu, chupa ileile ilirudi kwa mwenyewe. Hairudi tupu. Kwetu huku hakuna mwanamke wala mwanamume anayerudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, labda awe amekasirika. Verlyn aliijaza jamu ya zabibu mwitu, alizochuma mwenyewe kando ya kijito.

Hayo yakawa maisha yao. Mara mbili kwa mwaka. Vijana walicheza wakahitimu, wakaoa, wakaleta watoto wao kutazama, na wale wawili wamekaa tu ubavu kwa ubavu. Wanafunzi walimtania. "Mzee Verlyn, Tillery wanakuja Jumamosi! Umenyoa?" Naye hujibu, "Nyie chezeni mpira, ndevu zangu niachieni." Lakini amenyoa, na shati limepigwa pasi.

Basi ligi yetu ikaanza kumeguka. Vilikuwa vyuo vinane, vyote vidogo, vyote vya miji ya mahindi na makanisa, na bendera zao nane zilining'inia ukutani kwenye ukumbi. Kimoja kikafunga milango kwa kukosa wanafunzi. Viwili vikahamia ligi ya kusini. Kila chuo kilipoondoka, bendera yake ilishushwa, ikabaki alama ya mstatili ukutani ambapo rangi haikupauka. Tulidhani yamekwisha. Kisha mwezi wa Januari mkuu wa chuo chetu akasimama katikati ya uwanja, tai shingoni, akatangaza kwamba Tillery wamealikwa kwenye ligi kubwa ya mashariki, na sisi tumepokelewa kwenye ligi nyingine ya upande wa magharibi. Akasema ni hatua kubwa mbele. Watu wakapiga makofi. Verlyn hakupiga, lakini yeye hapigi siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu.

Jumapili moja kabla ya ile mechi ya mwisho na Tillery tulikuwa jikoni chini ya kanisa tunaosha vikombe vya kahawa, mimi naye. Akasema ghafla, "Dada, Jumamosi sitaileta chupa."

"Kwa nini? Jamu imeharibika?"

"Jamu ipo. Chupa imejaa." Akakausha kikombe kilekile mara ya pili. "Nikimrudishia, tumemalizana. Haji tena huku, nami siendi tena kule. Lakini chupa yake ikibaki kwangu, itabidi nimpelekee nyumbani. Mtu hawezi kukaa na chombo cha mwenzake."

"Kaka Verlyn," nikamwambia, "si umwambie tu?"

"Nimwambie nini?"

"Unalijua."

Masikio yakamwiva. "Nitamwambia nikimpelekea chupa," akasema, akaenda kukunja meza.

Usiku ule nilimwombea. Nilimwomba Mungu ampe ulimi, hata mdogo.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Watu walikuja kuaga, na watu wanaoaga hupiga kelele kuliko wanaoshinda. "Refa! Mkeo kakufichia miwani?" "Tillery, nendeni mkawe wakubwa, mtatukumbuka mkifungwa!" Bi Arlys alikuja na chakula chake kwenye mfuko wa karatasi. Nilimwona akitazama chini ya kiti cha Verlyn, pale chupa ilipozoea kukaa. Hakukuwa na kitu.

Kipindi cha pili, kocha wao alipoita mapumziko mafupi, Bi Arlys akaongea huku anatazama uwanjani. Nilikuwa nimesogea kuwapelekea bisi.

"Binti yangu anataka nihamie kwake Arizona," akasema. "Anasema msimu ukiisha nimpe jibu."

Vijana walikuwa wanakunywa maji. Ndani ya moyo wangu nilisema, sasa, ndugu yangu, sasa.

"Kule hakuna theluji," akasema Verlyn.

"Hakuna," akasema Bi Arlys.

"Magoti yatakushukuru."

"Hivyo ndivyo anavyosema na yeye."

Filimbi ikalia. Mpira ukarushwa, vijana wakakimbia, na saa ikabaki imesimama. Miaka yote ile Verlyn hakuwahi kusahau kuianzisha. Siku ile mkono wake ulikuwa mezani na macho yake yalikuwa kwenye mikono ya Bi Arlys iliyoshika kalamu. Jukwaani wakaanza, "Saa! Saa! Verlyn amelala!" na wengine wakacheka, "Anaongeza muda ili tushinde!" Bi Arlys hakuinua kichwa. Alisema taratibu tu, kama mke anayemkumbusha mumewe kofia, "Saa, Verlyn."

Akabonyeza. Refa akasimamisha mchezo, wakasahihisha, wakaendelea. Sisi ndio tulioshinda, na sijui kama kuna anayekumbuka kwa pointi ngapi.

Baada ya mechi wachezaji wa pande zote walipiga magoti katikati ya uwanja, wakashikana mikono, kasisi wa chuo akaomba. Wale wawili waliinama hapo mezani. Kisha Bi Arlys akavaa koti.

"Mwaka huu hukuniletea kitu?"

"Nimesahau nyumbani," akasema Verlyn. Ndivyo alivyokuwa amejiandaa kusema.

"Wewe? Umesahau?"

"Nimesahau."

Akamtazama, yule mama, akamtazama sana. Nafikiri alikuwa anampa nafasi. Nje dereva wa basi akapiga honi kwa sababu theluji ilikuwa inaanza.

"Basi haidhuru," akasema. "Ni chupa tu." Akampa mkono, wakaagana kama watu waliouziana ng'ombe, akaondoka.

Verlyn alinigeukia, uso umechangamka kama wa mtoto. "Umeona, dada? Imebaki kwangu."

Nikamwambia nenda kesho. Akasema barabara mbaya. Machi nikamwambia nenda. Akasema ni kipindi cha Kwaresima, Bi Arlys anapika supu kanisani kwao kila Jumatano, asimsumbue. Pasaka ikaja, akasema atakuwa na wageni. Hakuwa mwoga, msimdhanie hivyo. Huyu ni mtu aliyewahi kuingia kwenye ghala la mahindi kumvuta mwenzake aliyezama ndani ya punje. Ila alilelewa kwamba kumfikia mtu nyumbani bila sababu nzuri, kwa wakati mzuri, ni kumkosea heshima.

Barabara zilipokauka alioga, akanyoa, akaifunga chupa kwa taulo, akaiweka kwenye kiti cha abiria na kuifunga mkanda. Nilimpungia mkono nikiwa uani kwangu.

Alirudi jioni ileile. Chupa ilikuwa bado na mkanda.

Alinisimulia akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Alipofika alikuta kibao cha kuuza nyumba, madirisha hayana mapazia. Jirani alikuwa anafagia matawi uani, akamwambia Bi Arlys ameondoka wiki iliyopita, binti yake alikuja kumchukua.

"Akaniuliza, 'Kwani unamdai?'" akasema Verlyn. "Nikamwambia hapana. Yeye ndiye anayenidai."

Nilimtafutia namba ya simu kwa kupitia kanisa lao. Alipiga akiwa kwangu, maana alisema simu yake inakoroma, lakini nadhani hakutaka kuwa peke yake. Nilitaka kutoka nje, akanionyesha kwa mkono nibaki. Waliongea juu ya joto. Waliongea juu ya mvua ya kwetu na ua jekundu linaloota huko jangwani. Kisha akasema, "Chupa yako ninayo, Arlys. Nilikuja nayo."

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu mkono wake unatafuta ukingo wa meza.

"Hapana," akasema. "Haikuwa hivyo. Niliiacha makusudi." Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo, naelewa." Akasikiliza tena. "Basi, ukae salama. Wasalimie."

Baadaye aliniambia maneno ya yule mama. Alisema, "Nilitazama mikono yako, Verlyn. Nilijiambia, akija na chupa nitamwambia sitaki kwenda Arizona. Ukaja mikono mitupu, nami nikajua umenijibu." Na Verlyn alipomwambia kwamba angeweza kuileta hata huko, Bi Arlys alisema nyumba imeshauzwa, na kwa binti yake amepewa chumba na wajukuu wamemzoea, na yeye na Verlyn si watoto. Akasema, "Iweke tu."

Bado anaendesha saa. Timu zinazokuja sasa ni za magharibi, waandishi wao ni vijana wenye kompyuta, wanamwita "bosi" na hawajui jina lake. Bendera mpya zimefunika zile alama za ukutani.

Kila Agosti anashuka kijitoni kuchuma zabibu mwitu. Anatoa jamu ya mwaka uliopita, anaiosha ile chupa kwa maji ya moto, anaijaza mpya, anafunga kifuniko cha jogoo na kuirudisha dirishani. Ile ya zamani huniletea mimi. Mwaka huu aliileta kwenye bakuli la plastiki, imefunikwa sahani, inamwagika pembeni.

"Kaka," nikamwambia, nikicheka kidogo ili nisilie, "si ungeniletea na chupa yake?"

Akatikisa kichwa, akajipangusa vidole.

"Ile siwezi kuitoa, dada," akasema. "Ina mwenyewe."